Mashua Iliyoruka Pikseli 96: Uchambuzi wa Kisa cha Kikatizo kwenye Commodore 64

Kisa hiki kinahusu mchezo mdogo niliouandika kwa lugha ya asembli kwa ajili ya Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyoingia sokoni mwaka 1982 na ambayo hadi leo ina watu wanaoiandikia programu mpya kwa mapenzi tu. Katika mchezo huo kuna mashua inayokwenda kushoto na kulia, samaki wanaochupa kutoka majini, na mawingu yanayopita juu polepole. Mchezaji anaielekeza mashua idake samaki, na kila samaki anayedakwa anamwongezea pointi 25.

Aliyeliona tatizo kwanza ni mwenzangu, aliyekuwa amekaa mbele ya mashine yenyewe wakati mimi nimeshughulika na jambo jingine chumba cha pili. Akaniita: "Kaka, njoo uone, mashua yako imeruka." Nilipofika ilikuwa imetulia na inakwenda sawasawa, hatua yake ya pikseli tatu kwa kila fremu. Tulikaa tukaitazama karibu robo saa ndipo ikaruka tena: kufumba na kufumbua ilihama kutoka katikati ya skrini hadi karibu na ukingo wa kulia, kisha ikaendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Mawingu hayakutikisika, samaki waliendelea kama kawaida, na hesabu ya pointi ilikuwa sahihi.

Kabla ya kueleza nilivyoitafuta hitilafu hiyo, inafaa nieleze jinsi programu ilivyopangwa, kwa sababu chanzo kilikuwa ndani ya mpango huo. Prosesa ya mashine hii ni 6510, ndugu wa karibu wa 6502 iliyotoka mwaka 1975, na katika mashine za mfumo wa televisheni wa PAL inapiga mapigo takriban 985,000 kwa sekunde. Kila fremu ya picha ina mistari 312, na kila mstari huchukua mapigo 63, kwa hiyo fremu nzima ni mapigo 19,656. Chipu ya picha, VIC-II, inaweza kuagizwa itoe kikatizo inapofika mstari fulani. Kikatizo ni ishara inayoilazimisha prosesa iache kazi iliyokuwa mkononi, ikahudumie jambo la haraka, kisha irudi pale pale ilipoachia. Mimi nilikuwa na vikatizo viwili kwa kila fremu. Cha kwanza kilikuja kwenye mstari wa 170 kubadili rangi ya mandhari kutoka mbingu kuwa bahari. Cha pili kilikuja kwenye mstari wa 250, mwishoni mwa eneo la picha, na humo ndimo nilimoweka mwendo wa mashua, mwendo wa mawingu na muziki. Kazi nyingine zote, pamoja na kukagua kama samaki amedakwa na kuongeza pointi, zilifanywa na programu kuu, ambayo ilikuwa ikizunguka kwa mwendo wake bila kufungamana na vikatizo.

Mtuhumiwa wangu wa kwanza alikuwa taima ya CIA. Commodore 64 inapowashwa, taima iliyo ndani ya chipu ya CIA ya kwanza hutoa kikatizo mara 60 hivi kwa sekunde ili kusoma kibodi na kuendesha saa ya ndani, na kikatizo hicho hupita mlango ule ule unaopitiwa na cha VIC-II. Mtu akisahau kukizima, rutini yake, yaani kipande cha programu kinachohudumia kikatizo, inaitwa na wageni wawili, naye anadhani ni mmoja. Nilirudi kwenye msimbo wangu nikakuta nimeandika $7F kwenye anwani $DC0D kama inavyotakiwa (alama ya $ inaonyesha namba ya heksadesimali, mfumo wa msingi wa kumi na sita unaohesabu 0 hadi 9 kisha A hadi F), na baada ya hapo nimeisoma anwani hiyo hiyo ili kufuta ombi lolote lililobaki. Hata hivyo sikutaka kuuamini msimbo kwa macho tu. Niliongeza maagizo mawili, moja mwanzoni mwa rutini la kubadili rangi ya ukingo wa skrini, jingine mwishoni la kuirudisha. Mbinu hii ni ya zamani na bado ninaipenda kuliko zote, kwa sababu inaigeuza skrini kuwa saa: muda ambao rutini inafanya kazi unaonekana kama ukanda wa rangi ukingoni, na urefu wa ukanda ndio urefu wa kazi. Niliona ukanda mmoja, mahali pamoja, kila fremu. Hakukuwa na mgeni wa pili. Isitoshe, kama rutini ingekuwa inaitwa mara mbili, mashua ingepata pikseli tatu za ziada, na mruko ule ulikuwa mkubwa mno kuelezwa kwa pikseli tatu.

Mtuhumiwa wa pili alikuwa na hoja nzito zaidi. Skrini ina upana unaozidi 255, ilhali baiti moja haiwezi kubeba namba kubwa kuliko hiyo, kwa hiyo nafasi ya spraiti, yaani kipicha kinachosogezwa na chipu ya picha kama mashua yangu, imegawanywa: biti nane ziko kwenye $D000, na biti ya tisa imewekwa kando kwenye $D010, ambamo spraiti zote nane zinachangia baiti moja. Ikiwa programu kuu inaisoma $D010 ili kubadili biti ya spraiti nyingine, kikatizo kikaingia katikati kikabadili biti ya mashua, kisha programu kuu ikaandika thamani ya zamani iliyokuwa imeishika, kazi ya kikatizo inafutika. Hiyo ni kasoro ya kweli na nimewahi kuitenda katika programu nyingine. Lakini kasoro hiyo ikitokea, spraiti huhama kwa pikseli 256 kamili, wala si chini ya hapo. Mruko tuliouona ulikuwa mfupi zaidi. Nilizungushia sehemu hizo za programu kuu agizo la kuzuia vikatizo na la kuviruhusu tena, nikacheza nusu saa, na mashua ikaruka mara mbili kama kawaida yake.

Hapo nikaamua kuacha kukisia na kuanza kupima. Nilitaka kila wakati mashua inaposogea kwa kiasi kisicho tatu, nafasi ya zamani na nafasi mpya ziandikwe kwenye jedwali ndani ya kumbukumbu. Kwa hiyo, ndani ya rutini ile ile ya kikatizo, mara baada ya kusogeza mashua, niliweka maagizo machache ya ukaguzi: chukua nafasi mpya, toa nafasi ya zamani, na kama jibu si tatu, andika zote mbili. Niliiachia programu ikaenda. Mashua iliruka mbele ya macho yangu. Nikafungua jedwali, nikalikuta tupu.

Katika kazi yote hii hakuna jambo lililonisumbua kama jedwali lile tupu. Macho yangu yalisema mashua imeruka, na hesabu ilisema imesogea kwa tatu. Kwa siku mbili nzima nilidhani jedwali lenyewe lina kasoro, nikaandika upya sehemu ya kuhifadhi, nikabadili anwani, nikaijaribu kwa kuisogeza mashua kwa makusudi kwa pikseli kumi, na kila nilipofanya hivyo jedwali lilijaa ipasavyo. Chombo cha kupimia kilikuwa kizima kwa makosa niliyoyatengeneza mwenyewe, na kipofu kwa kosa lile moja nililokuwa nalitafuta. Ningekuwa makini zaidi ningeitambua mapema maana ya jambo hilo: kilichokuwa kinaharibu kujumlisha kilikuwa kinaharibu kutoa pia, na kwa kiasi kile kile.

Siku ya tatu niliondoa hesabu yote ndani ya rutini. Badala ya kukagua, niliandika kila nafasi ya mashua kama ilivyo, fremu baada ya fremu, ndani ya eneo kubwa la kumbukumbu linalojizungusha, kisha nikaendesha mchezo ndani ya VICE, programu inayoiga Commodore 64 kwenye kompyuta za kisasa na yenye kichunguzi cha kumbukumbu kinachoweza kuisimamisha mashine wakati wowote. Mashua iliporuka, nikasimamisha, nikasoma safu ya namba kwa mfumo wa heksadesimali. Mwendo ulikuwa $32, $35, $38, kisha $41.

Nilizitazama namba zile kwa muda mrefu. Katika heksadesimali, $38 ukiongeza tatu unapata $3B. Lakini mtu anayehesabu kwa desimali ya kawaida, 38 ukiongeza tatu unapata 41. Prosesa haikukosea hata kidogo. Ilikuwa imejumlisha kwa usahihi kabisa, ila kwa mfumo ambao sikuuomba.

6502 na ndugu zake wana bendera moja, yaani biti ya kuonyesha hali, inayoitwa D, ndani ya rejista ya hali (rejista ni kihifadhi kidogo ndani ya prosesa yenyewe). Ikiwa imeshushwa, kujumlisha na kutoa kunafanywa kwa binari. Ikiwa imepandishwa kwa agizo la SED, kila nusu ya baiti inachukuliwa kuwa tarakimu moja ya desimali, na prosesa inarekebisha jibu lisizidi tisa kwa kila tarakimu. Mfumo huo ni wa manufaa sana kwa kuhesabu pointi, kwa sababu pointi zikihifadhiwa kama tarakimu za desimali unaweza kuzichapisha kwenye skrini bila kugawanya kwa kumi. Ndiyo maana programu kuu yangu ilikuwa inaanza kuongeza pointi kwa SED, inajumlisha baiti tatu, kisha inaishusha bendera kwa CLD. Ndani ya dirisha hilo dogo, kikatizo cha mstari wa 250 kikiingia, prosesa inahifadhi anwani ya kurudia na rejista ya hali juu ya rundo, sehemu ya kumbukumbu ya kuweka vitu kwa muda, inazuia vikatizo vingine, na kuruka kwenda kwenye rutini. Bendera ya D inaachwa kama ilivyokutwa. Rutini yangu ya mashua ikaanza kujumlisha kwa desimali bila habari.

Nilipojua hivyo, kila dalili ilipata mahali pake. Marekebisho ya desimali huongeza 6 tarakimu ya chini inapozidi tisa, na huongeza $60, yaani 96, tarakimu ya juu inapozidi tisa. Mashua iliyokuwa kwenye $A2, yaani 162, ilipaswa kwenda 165. Kwa desimali jibu linakuwa $05 pamoja na tarakimu ya kubeba, rutini inaipindua biti ya tisa kwa sababu ya kubeba huko, na mashua inatokea 261: pikseli 96 mbele ya mahali pake. Huo ndio mruko aliouona mwenzangu. Miruko ya pikseli 6 ilikuwepo pia, lakini ni midogo kiasi kwamba tuliiona kama kigugumizi cha picha, hatukuijali.

Mawingu hayakuathirika kwa sababu niliyasogeza kwa agizo la DEC, linalopunguza moja kwa moja na ambalo bendera ya D hailigusi. Bendera hiyo inahusu ADC, agizo la kujumlisha, na SBC, agizo la kutoa, peke yake. Nilikumbuka pia kuwa mashua ilipokuwa inaelekea kushoto karibu haikuruka kabisa. Kushoto nilitumia SBC, ambayo kwa desimali hurekebisha pale tu inapolazimika kukopa. Kati ya thamani 256 za baiti ya nafasi, kutoa tatu kunakosea kwenye thamani 48 tu, na karibu zote kwa pikseli 6. Kujumlisha tatu kunatoa jibu sahihi kwenye thamani 70 tu na kunakosea kwenye 186 zilizobaki. Muziki nao ulikuwa na ushahidi ambao sikuusikiliza: mara moja moja nota iliyokuwa ikipanda polepole ilichupa juu kwa ghafla, nami nikadhani ni spika.

Na lile jedwali tupu? Ukaguzi wangu ulikuwa ndani ya kikatizo kile kile, bendera ikiwa bado imepanda. Nafasi mpya $41 ukitoa ya zamani $38, kwa desimali, ni tatu. Hata ule mruko mkubwa, $05 ukitoa $A2 kwa mfumo huo, jibu lake ni tatu. Kwa kila mruko hesabu ya kutoa iliufuta ushahidi wa hesabu ya kujumlisha, na hakuna hata mmoja ambao ungeponyoka.

Nadra yake nayo inahesabika. Baada ya SED kuna CLC, agizo la kufuta tarakimu ya kubeba, ya mapigo mawili, kisha kwa kila baiti kuna kusoma, kujumlisha na kuandika, jumla mapigo kumi, mara baiti tatu, kisha CLD ya mapigo mawili. Bendera inakaa juu kwa mapigo 34 kati ya 19,656 ya fremu. Kwa hiyo kila samaki aliyedakwa alikuwa na nafasi moja kati ya 578 ya kukutana na kikatizo kile, na si kila mkutano ulitoa kosa linaloonekana. Mchezaji anayedaka samaki mmoja kwa sekunde angesubiri dakika kumi, robo saa, na ndivyo ilivyokuwa.

Maelezo yanayokaa vizuri hivi yanapendeza, lakini kupendeza si ushahidi, kwa hiyo nilifanya majaribio mawili kabla ya kugusa chochote. Kwanza, nilizima mchezo wote nikaiacha programu kuu iongeze pointi mfululizo bila kupumzika. Mzunguko huo una mapigo 39, na kwa mapigo 34 kati ya hayo bendera iko juu. Mashua, iliyokuwa ikiruka mara moja kwa robo saa, sasa iliruka mara nyingi kwa sekunde, ikipiga mbio skrini nzima kama iliyokatika nanga katikati ya dhoruba. Ukitaka kuitibu hitilafu ya nadra, ilazimishe kwanza itokee kila wakati, maana vinginevyo huwezi kujua kama umeiponya au umekuwa na bahati ya saa moja.

Pili, nilitaka kumkamata mhalifu akiwa ndani. ROM ya Commodore 64, yaani programu ya kudumu iliyomo ndani ya mashine, inapopokea kikatizo kwenye anwani $FF48 inahifadhi rejista A, X na Y juu ya rundo, inanakili kielekezi cha rundo kwenda X, inaisoma baiti iliyo $0104 ukiongeza X ili kujua kama ni kikatizo cha kweli au agizo la BRK, ambalo ni kikatizo kinachoitwa na programu yenyewe, kisha inaruka kupitia anwani iliyoandikwa kwenye $0314. Baiti hiyo ndiyo rejista ya hali ya programu iliyokatizwa. Kwa kuwa X bado ina thamani ile ile rutini yangu inapoanza, niliisoma tena baiti hiyo, nikachuja biti ya bendera ya D, na ikiwa imepanda nikaupaka ukingo wa skrini rangi nyekundu. Tukacheza mchezo wa kawaida, mwenzangu akishika jostiki. Dakika kadhaa zikapita. Ukingo ukawa mwekundu, na mashua ikaruka katika fremu ile ile. "Ndiye huyo," akasema, akaiweka jostiki chini.

Tiba ya kwanza iliyonijia ilikuwa kuzuia vikatizo kwa SEI wakati wa kuongeza pointi. Ingefanya kazi, na nimeona programu nyingi zikitumia njia hiyo. Niliikataa kwa sababu mbili. Inachelewesha kikatizo cha mstari wa 170 kwa muda unaoweza kuzidi nusu ya mstari, na mpaka wa mbingu na bahari ungeanza kutetemeka kila samaki anapodakwa. Pia inaweka jukumu mahali pasipostahili: kila mtu atakayeandika SED popote ndani ya programu, leo au mwakani, atatakiwa akumbuke kuwa kuna rutini ya mashua mahali fulani. Rutini ya kikatizo haichagui inamkatiza nani, kwa hiyo ndiyo inayopaswa kuweka sawa kila hali inayoitegemea kabla ya kuanza kazi. Agizo lenyewe ni CLD, baiti moja na mapigo mawili. Wala hakuna haja ya kuirudisha bendera mwishoni, kwani RTI, agizo la kurudi kutoka kwenye kikatizo, inaichukua rejista ya hali kutoka kwenye rundo na programu kuu inaendelea na desimali yake bila kujua kuwa ilikatizwa.

Inafaa kusema kuwa wabunifu wa prosesa wenyewe walilirekebisha jambo hili baadaye: 65C02 inaishusha bendera ya D yenyewe kila kikatizo kinapoingia. Anayetoka kuandikia mashine ya michezo ya NES hawezi kuwa amekutana na kisa hiki, kwa kuwa prosesa ya humo imeondolewa hesabu ya desimali, na kwenye Atari 2600 hakitokei kwa sababu 6507 haina pini ya kupokea kikatizo. Ndani ya Commodore 64 mtego uko wazi, na ROM yake inachangia kuuficha: inapowashwa huishusha bendera kwa CLD miongoni mwa maagizo yake ya kwanza kabisa, ila njia yake ya kikatizo haina CLD. Anayesoma mwanzo wa ROM anaweza kuamini kuwa suala limemalizwa.

Kwenye rutini ya mstari wa 250 niliweka CLD mwanzoni na kuujaribu tena ule mzunguko wa pointi usiopumzika, na mashua ikaenda tatu, tatu, tatu, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa saa nzima. Rutini ya mstari wa 170 haikuwa na hesabu yoyote, ila niliona si vyema kuiacha bila kinga, maana siku moja nitaongeza kitu humo. Shida ni kwamba rangi ya bahari ilikuwa imepimwa ibadilike mahali pasipoonekana, pembeni mwa mstari, kwa kupanga maagizo kadhaa ya NOP, yasiyofanya lolote ila kupoteza muda, na kila pigo moja la prosesa ni pikseli nane za skrini. CLD ya ziada ingeusogeza mpaka kwa pikseli 16 na kuuingiza ndani ya picha. Nikaondoa NOP moja, ambayo nayo ni baiti moja na mapigo mawili, nikaweka CLD mahali pake, na bahari ikabaki pale ilipokuwa.